Watoto wanaimba namba vizuri, lakini hawazijui

Swali: Shikamoo mwalimu. Nafundisha darasa la awali huku Bariadi. Nina watoto zaidi ya 70 wa miaka 5, na wengi wao nyumbani wanazungumza Kisukuma. Kila asubuhi tunaimba karibu nusu saa: wimbo wa namba, wa irabu, wa siku za wiki. Wanaimba kwa nguvu na wanafurahi. Shida ni kwamba nikiandika 4 peke yake ubaoni, au nikimpa mtoto vizibo na kumwambia anipe vinne, wengi wanaduwaa. Mwalimu mkuu ameanza kusema kuimba kunatupotezea muda. Mzazi mmoja naye ananishauri niwapigie watoto muziki wa Mozart, yule mtunzi wa zamani wa Ulaya, kwenye simu, eti unaongeza akili. Ala za muziki hatuna. Niendelee kuimba au niache?

Jibu: Marahaba, mwalimu. Usiache kuimba hata siku moja. Watoto zaidi ya 70 wanaoianza siku kwa furaha na kwa sauti moja ni mtaji ambao walimu wengi wanautamani. Kinachotakiwa kubadilika ni kazi unayoupa wimbo, kwa sababu kwa maelezo yako wimbo umeshamaliza kazi yake ya kwanza na haujapewa ya pili.

Kazi ya kwanza ya wimbo ni kushikisha mpangilio. Mahadhi na mapigo humsaidia mtoto kukumbuka nini kinafuata nini, na hilo watoto wako wamelipata: maneno kumi, kila moja kwa zamu yake, bila kuruka. Ila wameyapata kama shanga zilizotungwa kwenye uzi. Muulize mmoja wao, "Baada ya sita inakuja ngapi?" Utaona midomo inacheza: moja, mbili, tatu, nne, tano, sita... saba! Hawezi kuifikia saba bila kuuvuta uzi wote tangu mwanzo. Hiyo si dalili ya uzito wa kuelewa. Ni hatua ya kawaida ya ukuaji, na watoto wa umri huo wengi bado wanaivuka. Kujua kwamba "nne" ni idadi ya vizibo hivi vilivyo mkononi, na kwamba alama ile ya ubaoni ndiyo nne hiyo hiyo, ni mambo mengine mawili kabisa. Wimbo unaoimbwa moja kwa moja tangu mwanzo hadi mwisho hauyagusi.

Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa ni huu: wimbo ukishazoeleka, ukatishe. Mtoto akiweza kuuimba huku anachungulia dirishani, wimbo huo umeacha kumfundisha. Utafutie mahali ambapo lazima asimame, asikilize, kisha aamue jambo mwenyewe. Hapo ndipo akili inapofanya kazi, na utashangaa kuona kwamba hapo hapo ndipo kicheko kinapotokea pia.

Wazee wetu walilijua hili bila kusoma popote. Tazama mchezo wa nyama nyama. Kiongozi anataja mnyama, na watoto wanaruka na kuitikia "nyama!" ikiwa analiwa, akitaja nyoka au fisi wanatakiwa wanyamaze na kutulia. Mapigo yanawasukuma waruke, lakini maana ya neno inawazuia. Mtoto analazimika kusikia neno, kulielewa, na kujizuia wakati mwili wote unataka kwenda. Kujizuia huko ni stadi ileile atakayoihitaji kusubiri zamu yake na kusikiliza swali hadi mwisho kabla ya kunyoosha mkono. Na hakuna mtoto anayeucheza mchezo huo akiona anafundishwa.

Tuuchukue sasa wimbo wako wa namba. Siku ya kwanza imbeni kama kawaida, lakini ukifika tano ufunge mdomo ghafla na kuinua mkono. Watoto wakinyamaza, mmoja tu ataje inayofuata. Kesho yake anza kuimba kutoka nne badala ya moja. Mwanzoni watavurugika na kucheka. Waache wacheke, rudia. Kisha rudini nyuma kutoka tano hadi moja, halafu kutoka kumi. Wakishazoea kuingia popote na kutokea popote, uzi umekatika na kila namba imeanza kusimama yenyewe.

Baada ya hapo leta vitu. Tungeni wimbo wenu mfupi, kwa mahadhi yoyote wanayoyapenda: "Kuku watano wako bandani, mmoja katoka, wamebaki..." Watoto watano wanasimama mbele ndani ya duara la chaki, mmoja anatoka akipiga mabawa, nanyi mnanyamaza. Usiimbe jibu. Darasa lihesabu kwa macho waliobaki, waonyeshe kwa vidole kwanza, ndipo waseme. Vidole vina faida katika darasa kubwa: kwa kutupa jicho mara moja unaona nani ameelewa na nani anamtazama jirani, jambo ambalo jibu la pamoja linakuficha. Siku nyingine weka vizibo vitano, halafu majani matano. Usidharau mabadiliko haya madogo. Katika wimbo mtoto hutamka "mbili", lakini maishani anasikia kuku wawili, vizibo viwili, majani mawili. Asipoimba na maumbo hayo yote, ana haki ya kudhani ni maneno yasiyohusiana, hasa ikiwa Kiswahili ni lugha yake ya pili.

Kuna mtego mmoja katika namba za Kiswahili ambao nauona darasa baada ya darasa. Kuanzia moja hadi kumi, kila namba ina silabi mbili: mo-ja, mbi-li, ta-tu, n-ne, ta-no, mpaka ku-mi. Kwa kuimba ni raha tupu, maana zinakwenda sawa na hatua za miguu, kushoto kulia, kushoto kulia. Lakini mtoto akipiga kofi kwa kila silabi, au akisogeza kizibo kwa kila silabi, ataimba "tano" akiwa na vizibo kumi mbele yake. Sikiliza vizuri darasa lako ukatazame mikono. Huenda wengine wameduwaa kwa sababu hiyo tu. Mnapohesabu vitu, sheria iwe pigo moja kwa namba moja, na pigo liangukie mwanzo wa neno: TA-tu, kizibo kimoja kinasogea. Imbeni polepole kuliko kawaida mnapofanya hivyo.

Silabi zina siku yao, nayo ni siku ya kusoma. Hapo lugha yetu inatubeba sana, kwa kuwa silabi zake ziko wazi na karibu zote huishia na irabu. Anzeni na majina yao wenyewe. Darasa linaimba jina la mtoto huku likipiga kofi kwa kila silabi: Ne-e-ma, Ma-du-hu, Ju-ma. Nani ana jina refu kuliko wote? Nani wana makofi mawili? Wasimame. Nendeni kwenye maneno ya kawaida, ukichagua kwa makusudi yale yenye utata. "Mtoto" ina makofi matatu kwa kuwa m yake inasimama peke yake. "Mbuzi" ina mawili. "Ng'ombe" mawili. Watunzi wa mashairi ya Kiswahili wamehesabu mizani, yaani silabi, hivi karne nyingi, mara nyingi minane kila kipande, na mtoto wako anaingia katika ufundi huo kwa kupiga makofi tu. Anayeweza kulisikia neno likikatika vipande ana urahisi mkubwa siku atakapokutana na ba, be, bi ubaoni.

Na irabu? Wimbo wa a, e, i, o, u una ugonjwa uleule wa uzi wa shanga. Ubadilishe uwe mchezo wa kubadili sauti: imbeni "baba", kisha neno hilo kwa irabu nyingine: bebe, bibi, bobo, bubu. Wakifika "bibi" wanagundua wameangukia neno wanalolijua, na darasa linalipuka. Jaribu "kaka" uwapeleke mpaka "kuku". Wewe nyoosha kidole kwenye irabu ubaoni bila kufuata mpangilio, wao waimbe kulingana na unakoelekeza. Tayari wanasoma.

Sasa Kisukuma. Usikiache nje ya mlango. Mtoto anayeingia darasani bila Kiswahili cha kutosha anaweza kuimba mistari kumi bila kuelewa hata mmoja, nawe usijue. Waulize watoto wanaimba nini wakichunga au wakicheza uani, wakufundishe wimbo mmoja, muuimbe kama ulivyo. Kisha tieni mstari wa Kiswahili kwenye mahadhi yaleyale. Uko katika eneo ambalo watu wazima hawahitaji kuaminishwa nguvu ya wimbo: ngoma ya bugobogobo ilizaliwa shambani, majembe yakipanda na kushuka kwa mdundo mmoja ili kazi iende na uchovu usahaulike. Mwalike bibi au babu mmoja aje awaonyeshe mdundo mmoja rahisi. Wazazi wakiona ngoma yao imeheshimiwa shuleni, hata mahudhurio huguswa.

Mwili nao usiusahau. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, waliwarusharusha kwa upole watoto wachanga wa miezi 7 huku wakisikilizishwa mdundo usio na mkazo, wengine kila pigo la pili, wengine kila pigo la tatu. Baadaye kila mtoto alipendelea kusikiliza mdundo uliofanana na alivyorushwa. Waliokuwa wakimtazama tu mtu mzima akiruka hawakuonyesha upendeleo huo. Mama zetu wanaomrusha mtoto magotini huku wakimwimbia wanamfundisha kusikia, na mwanafunzi wako wa miaka 5 bado anasikia kwa miguu na mabega. Kwa hiyo wimbo wa kuimba mmekaa mikono juu ya dawati, katika darasa lililobanana, umepoteza nusu ya faida yake. Toka nje chini ya mti. Kama mvua inanyesha, tumia mabega, vidole na magoti.

Zipo hitilafu mbili za kiufundi zinazoweza kurekebishwa leo leo. Ya kwanza ni kasi. Mtu mzima akigonga meza bila kufikiri, mapigo yake huwa karibu na 100 kwa dakika. Mtoto wa umri huu hupenda mwendo wa haraka zaidi, mara nyingi hukaribia 150. Ukimlazimisha afuate mwendo wako, hawezi kulenga pigo, na utadhani hana sikio la muziki. Mara kwa mara mwache mtoto mmoja aanzishe mdundo nanyi mmfuate yeye.

Ya pili ni sauti. Umeandika kwamba wanaimba "kwa nguvu", na hapo niliposoma nilisita. Kupiga kelele si kuimba. Koo dogo linachoka, na anayepiga kelele hamsikii mwenzake wala hajisikii mwenyewe. Sauti ya mtoto wa miaka 5 iko vizuri kati ya re na la iliyo juu ya do ya kati (ile ya katikati ya kinanda), eneo dogo kabisa. Ukianzisha chini sana watanguruma, ukianzisha juu sana watapasua. Imba wewe kwa sauti ya kawaida, waambie waimbe kiasi cha kuisikia sauti yako. Mkipokezana, nusu ya darasa ikianzisha na nusu ikiitikia, makelele hupungua yenyewe kwa kuwa kila upande unangoja zamu yake. Darasa la watoto zaidi ya 70 linafaa sana kwa kupokezana. Unaweza hata kuligawa makundi manne, safu kwa safu.

Kuhusu ala, usijione maskini. Zoltán Kodály wa Hungaria, aliyeishi 1882 hadi 1967 na kuibadilisha elimu ya muziki ya nchi yake, aliweka sauti ya mtoto mwenyewe na nyimbo za asili za lugha yake mbele ya ala yoyote. Makofi, kugonga mapaja, kukanyaga, kupiga vidole: hizo ni sauti nne tofauti na hazivunjiki. Ukitaka kuongeza, vizibo vyako vya kuhesabia vinaweza kutobolewa na kutungwa kwenye waya uwe na njuga, baada ya kugongwa kingo zisikate vidole. Matete na mbegu vitakupa kayamba ndogo. Dumu tupu ni ngoma. Chupa ya plastiki yenye maharage inatikisika vizuri, lakini ufunge kifuniko kwa gundi, kwani watoto hutia mbegu puani na mdomoni. Kama kuna wadogo zao wa chini ya miaka 3 wanaokuja shuleni, mbegu zozote ziwe mbali nao kabisa. Wala usigawe ala sabini kwa mkupuo. Gawa sita, watoto wazipokezane.

Habari ya Mozart ina chanzo cha kweli kilichopotoshwa njiani. Mwaka 1993 watafiti wa California walichapisha katika jarida la Nature jaribio walilofanya na wanafunzi wa chuo kikuu, watu wazima, waliosikiliza sonata yake moja, yaani muziki wa piano, kwa dakika 10. Walifanya vizuri zaidi katika zoezi la kufikiria maumbo, na nafuu hiyo ilidumu kwa muda wa robo saa hivi. Basi. Hakukuwa na mtoto mchanga wala wa awali hata mmoja, na wengine waliorudia jaribio hilo baadaye mara nyingi hawakupata matokeo hayo. Hata hivyo uvumi uliruka hadi mwaka 1998 gavana wa jimbo la Georgia, Marekani, akaomba fedha za bajeti ili kila mtoto anayezaliwa apewe muziki wa aina hiyo. Mwambie mzazi huyo kwa heshima kwamba muziki wa Mozart ni mzuri na haudhuru, ila mtoto hafaidiki sana na muziki unaopita masikioni huku amekaa. Anafaidika na ule anaoufanya mwenyewe pamoja na wenzake. Mwaka 2010 ulichapishwa utafiti wa Ujerumani uliolinganisha watoto wa miaka 4: baadhi walicheza mchezo kwa kuimba, kucheza na kupiga ala pamoja, wengine wakacheza mchezo uleule bila muziki. Walioimba pamoja walisaidiana zaidi baadaye. Wewe mwenye watoto zaidi ya 70 na madawati machache unajua thamani ya watoto wanaosaidiana.

Nusu saa ya mfululizo, hapo mwalimu mkuu ana hoja. Ni ndefu kwa umri huo. Igawe. Dakika tano asubuhi, kisha nyimbo fupi fupi siku nzima: ya kukusanya vizibo, ya kupanga mstari, ya kunawa mikono inayochukua angalau sekunde 20 za kusugua kwa sabuni, ya kutuliza baada ya mapumziko. Ukiwa na wimbo wa kukusanya vifaa, huhitaji kupaza sauti "kusanyeni!" mara sita, na muda ule unaodaiwa kupotea unarudi. Umwonyeshe mwalimu mkuu, usibishane naye kwa maneno. Chagua watoto kumi leo, andika daftarini nani anaweza kukupa vizibo vinne na nani anaitambua 4 ikiwa peke yake. Baada ya mwezi wa kuimba kwa kukatisha, wapime tena hao hao, kisha umkaribishe mkuu aone mchezo wa kuku na daftari lako.

Nina ombi moja kuhusu watoto wanaokaa kimya, na nalisema kwa uzito. Usimlazimishe mtoto kuimba peke yake mbele za watu, na usimcheke anayepotea sauti. Wengine husikiliza wiki nyingi kabla ya kufungua mdomo, huku nyumbani wanawaimbia wadogo zao wimbo wote. Mwenye kigugumizi mara nyingi huimba bila kukwama. Mpe nafasi ya kuitikia na kundi, aionje ladha ya maneno yanayotoka bila shida. Asiyesikia vizuri mweke karibu na dumu na kiganja chake kikiligusa, apate mdundo kwa mtetemo, na umtazame usoni unapoimba. Na wageni wakija shuleni, usigeuze wimbo wa kujifunzia kuwa onyesho la kukaririwa kwa wiki mbili. Nimeona madarasa ambamo furaha yote iliishia kwenye mazoezi ya kumpokea mgeni.

Jumatatu anza na wimbo mmoja tu, ule wa namba. Uukatishe penye tano, uwe na vizibo tayari, pigo moja kwa namba moja. Nyimbo nyingine ziache kama zilivyo kwa sasa. Utazigusa moja moja, huu wa kwanza ukishakaa sawa.